Mmetisha, Ila Hamkututisha

Neno lililoharibu fomu za vijana hawa ni moja tu, na lilikuwa kwenye swali la kwanza kabisa: "Je, trela imekutisha?" Wengi wameandika kitu kama hiki: "Mmetisha sana wadogo zangu." "Mmetisha, hongereni." Mmoja kaandika kwa herufi kubwa, akagongea na alama tatu za mshangao. Mwongozaji alikuwa amezihesabu zote upande wa ndiyo. Nikamuuliza ana hakika? Akanitazama, akazitazama fomu, akacheka. Kwa Kiswahili cha Dar es Salaam cha leo, mtu akikwambia umetisha maana yake umefanya vizuri. Mchezaji akifunga bao la mbali, ametisha. Bibi harusi akitoka saluni, ametisha. Kwa hiyo lile kundi kubwa la watu waliotishwa lilikuwa, kwa sehemu yake, kundi la watu waliokuwa wanapiga makofi.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Wanafunzi watano wa mwaka wa mwisho, chuo kimoja hapa jijini, wamepewa zoezi: watengeneze trela ya filamu ya kutisha, waionyeshe kwa watu, wakusanye mrejesho, halafu waandike ripoti kueleza mrejesho huo umewafundisha nini. Sitawataja, wala chuo sitakitaja, kwa sababu kazi haijasahihishwa na sitaki mwalimu wao aje kuchukua alama kwangu. Trela haina jina bado. Faili nililotumiwa linaitwa "trela mwisho 3", na ukiona hivyo unajua kulikuwa na mwisho 1 na mwisho 2. Filamu inayotangazwa haipo. Hakuna aliyeiandika zaidi ya kurasa mbili. Ni trela ya kitu ambacho huenda kisipigwe picha kamwe, na mimi naona hilo linarahisisha mambo. Tunaweza kuijadili kama tunavyojadili hadithi fupi humu: sekunde 108 za masimulizi, basi.

Zoezi lenyewe si geni. Uingereza, kwa miaka mingi, wanafunzi wa sekondari ya juu waliosoma somo la vyombo vya habari chini ya bodi ya mitihani ya OCR walifanya hivi hivi: trela fupi ya kionjo, bango, ukurasa wa mbele wa jarida la filamu, kisha tathmini yenye maswali manne, moja likihusu walichojifunza kutoka kwa hadhira. Wengi walichagua filamu za kutisha. Sababu iko wazi, hazidai pesa. Ukiwa na kichaka nyuma ya shule, barakoa, na rafiki mmoja anayejua kupiga kelele, umeshapata trela. Ukizitazama nne au tano mfululizo unaanza kuona kwamba ni trela moja. Mrejesho nao ni mmoja: watu kadhaa walitaka muziki uwe mkali zaidi, kwa hiyo tukaukaza muziki. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Hadhira ukiiuliza filamu ya kutisha iweje, itakueleza ile iliyokwisha kuiona. Ukiitii, utatengeneza hiyo hiyo kwa mara nyingine, na safari hii kwa bajeti ya mwanafunzi.

Sasa trela ya vijana wetu. Ina nusu mbili, na nusu hizo hazijuani.

Nusu ya kwanza inaanza na skrini nyeusi. Unasikia ufagio wa chelewa ukikwangua mchanga, taratibu, bila haraka. Mtu anafagia uwanja. Halafu inawaka skrini ya simu gizani na unaona ni saa nane na dakika saba usiku. Hakuna aliyesema neno, lakini kila aliyelelewa na bibi ameshashtuka kidogo, kwa sababu nyumba haifagiliwi usiku, unafukuza riziki. Kinafuata kile ninachokiona kuwa kipande bora cha kazi yote. Ni nyumba ya kupanga, ile yetu ya ukumbi wa katikati na vyumba pande zote mbili. Kamera iko chini kabisa, usawa wa sakafu. Milango sita, na mbele ya kila mlango jozi ya ndala. Picha inakatwa. Binti mpangaji mpya anageuka kitandani. Sauti ya kike inamwita jina lake, mara moja. Inamwita mara ya pili. Anafungua mdomo aitike, kisha anauziba kwa kiganja. Tunarudi ukumbini, kamera pale pale chini. Ndala ni jozi saba. Ile ya saba imelowa maji, na imeelekea mlangoni kwake.

Basi. Hakuna mlio, hakuna uso. Kipande cha ndala kinachukua sekunde nne hivi.

Mambo yote yaliyomo humo tunayajua bila kufafanuliwa: marufuku ya kufagia usiku, marufuku ya kuitika haraka ukiitwa gizani, na adabu ya kuvua viatu mlangoni. Hili la mwisho ndilo lililonifurahisha. Ndala mlangoni ni alama ya amani, ina maana watu wamo ndani na wako salama. Vijana hawa wameichukua alama ya usalama wakaizidisha moja. Hawakuhitaji pesa. Walihitaji jozi saba za ndala, na moja, nimeambiwa, ni ya mama wa mhariri.

Nusu ya pili sina haja ya kuieleza sana, mmeshaiona hata kama hamjaiona. Mganga aliyevaa kaniki anacheka kwenye taa nyekundu. Msichana wa gauni jeupe, nywele zimefunika uso, anatoka kwenye pipa la maji. Huyo ni mjukuu wa yule wa *Ringu*, filamu ya Kijapani ya mwaka 1998, na tangu hapo amezaa dunia nzima. Mdundo mzito wa kupakuliwa bure. Damu ya rangi ya chakula. Na maandishi ya Kiingereza yanayosema kwamba hofu ina anwani mpya. Filamu hii inatokea uswahilini, wahusika wote wanaongea Kiswahili, lakini tangazo lake linatusemesha kama vile tumeketi California tunasubiri Halloween.

Maonyesho yalifanyika Jumamosi alasiri, darasani, mapazia yakipigana na jua na kushindwa. Walikuja wanafunzi wenzao, majirani wawili watatu, shangazi wa mmoja wao, na mimi kama mwandishi niliyealikwa. Tulipewa soda na keki, na fomu ikaja pamoja na soda. Hili nalo lisemwe: mgeni uliyemkirimu hawezi kukuandikia kwamba kazi yako mbovu. Adabu haimruhusu. Atatafuta kitu cha kusifia, na asipokipata atasifia juhudi.

Trela nilikuwa nimeshaiona kwenye simu, kwa hiyo niliamua kukaa pembeni, karibu na projekta, nikawatazama watu badala ya skrini. Ufagio ulipoanza walikuwa bado wanafungua soda. Kufikia picha ya kwanza ya ndala walikuwa wamenyamaza. Binti alipoziba mdomo, mtu nyuma alisema kwa sauti ya chini, "Usiitike, usiitike we." Ndala za saba zilipotokea hakukuwa na kelele. Lakini msichana aliyekaa mbele yangu alivuta miguu yake yote miwili akaiingiza chini ya kiti. Jirani yake akajifunika kanga mabegani, kwenye joto lile. Shangazi akaacha kutafuna.

Mganga alipotokea, wakacheka. Pale mtu wa pipa alipochomoka, ndiyo, walipiga kelele, halafu wakageukiana wakacheka tena, na kuanzia hapo hawakurudi. Simu zikatoka. Trela ikaisha kwa makofi, na fomu zikajazwa.

Swali la tatu: "Ni kipande gani kimekutisha zaidi?" Karibu wote wameandika yule wa nywele, au mganga. Swali la tano: "Kipande gani kiondolewe?" Nawanukuu wachache: "Zile ndala sijazielewa." "Ndala zinapoteza muda." "Mtoe viatu muongeze mganga." Hakuna hata fomu moja iliyotaja miguu kuvutwa chini ya kiti, na fomu ingejuaje?

Tulipokaa baadaye kuzipitia, mwongozaji alikuwa ameshafika kwenye uamuzi. Ana sauti ya mtu aliyeshika takwimu.

"Dada, wengi wamesema haieleweki. Tunatoa ndala, tunarefusha pipa. Ripoti itaeleza kwamba tumesikiliza hadhira."

Mhariri, binti mkimya ambaye ndiye aliyekipima kile kipande sekunde kwa sekunde, hakusema kitu. Alikuwa anaangalia kompyuta yake. Ripoti ilitakiwa kukabidhiwa Ijumaa. Ninachokiona kuwa hatarini ni hiki: watu wazuri kabisa, kwa nia njema na soda mkononi, walikuwa karibu kukiua kitu pekee kwenye kazi ile ambacho hakijawahi kutengenezwa na mtu mwingine. Na mwanafunzi akishafundishwa mara moja kwamba kusikiliza hadhira maana yake ni kuitii, atabaki na somo hilo hata akiajiriwa. Tasnia yetu imejaa watu waliofuzu somo hilo.

Hofu ni jambo la ajabu kuulizia kwa karatasi. Mtu hajui kwa nini ameogopa, na mara nyingi hataki ijulikane kwamba ameogopa, hasa akiwa kijana wa kiume aliyekaa karibu na wasichana. Ukimpa fomu, anaandika anachokikumbuka, na kinachokumbukwa ni kilichopiga kelele zaidi. Kelele na hofu vinafanana kwenye karatasi. Mstuko wa ghafla ni wa masikio. Hata mlango ukibamizwa na upepo utaruka. Ile jozi ya saba ni kitu unachoenda nacho nyumbani, ukakikumbuka saa nane usiku unapotaka kwenda msalani na choo kiko uani.

Wamarekani wana kampuni inayoitwa CinemaScore, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 imekuwa ikiwapa watazamaji kadi wakati wa usiku wa kwanza wa filamu, wanaweka alama kama za shuleni, kuanzia A hadi F. Ukifuatilia filamu za kutisha kwenye kadi hizo utashangaa. *Hereditary* ya Ari Aster, mwaka 2018, ilipata D yenye alama ya kujumlisha. Mtoto anayeleta ripoti ya namna hiyo nyumbani anachapwa. Lakini filamu hiyo hiyo wakati ule ikawa ndiyo iliyoingiza pesa nyingi kuliko zote za kampuni yake ya usambazaji, A24, na leo ukitaja filamu za kutisha za muongo ule huwezi kuiruka. Watu walitoka wamevurugika, wakashikishwa kalamu, wakatoa hukumu ya mtu aliyevurugika. Sehemu ya hasira yao, nadhani, ilikuwa kwa trela: walitarajia mizimu ya kawaida, wakapewa msiba wa familia. Ndiyo maana trela ni kazi nzito. Ni ahadi, na mtu hudai kile alichoahidiwa.

Kuna kisa kingine ninachowasimulia vijana kila mara. *Paranormal Activity* ilipigwa na Oren Peli ndani ya nyumba yake mwenyewe huko San Diego, kwa dola zipatazo 15,000. Inasimuliwa kwamba kwenye onyesho la majaribio watu walianza kuinuka na kutoka, na wenye pesa wakadhani filamu imeanguka, mpaka walipogundua kwamba waliokuwa wanatoka walikuwa wanakimbia woga. Hebu fikiria kama wangebaki na fomu tu! "Nimetoka kabla ya mwisho" ingehesabiwa upande gani? Ilipoingia sinema mwaka 2009, trela yake haikujazwa mizimu. Ilijazwa watazamaji. Kamera ya gizani ilielekezwa kwa watu kwenye viti vyao, wanaruka, wanajificha nyuma ya mikono, wanashikana. Waligeuza mrejesho ukawa tangazo. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 190.

Lakini nisije nikasomeka kama ninayesema hadhira ni wajinga. Hapana. Hadhira ile ya Jumamosi ilisema kitu kimoja cha kweli, ikakisema vibaya: "haieleweki."

Hapa mfano wangu ni *The Blair Witch Project*, ya mwaka 1999, kazi ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliokutana wakisoma filamu Chuo Kikuu cha Central Florida. Mwisho wake ni kijana amesimama kwenye kona, uso umeelekea ukutani, halafu kamera inaanguka. Kampuni iliyoinunua iliona watazamaji wa majaribio hawauelewi mwisho huo, ikataka miisho mingine. Wakapiga miisho mingine. Mwishoni wakabaki na ule ule wa kona. Walichofanya ni kuongeza, mapema kwenye filamu, mahojiano mafupi ambamo mkazi wa mji anaeleza kwamba muuaji wa zamani alikuwa akiwasimamisha watoto kwenye kona. Malalamiko yalikuwa ya kweli. Dawa haikuwa kukata. Dawa ilikuwa kupanda mbegu mapema.

Nilirudi kutazama trela ya vijana nikiwa na hilo kichwani, nikaona kasoro iko wapi. Ile picha ya kwanza, ya jozi sita, inakaa kwa sekunde moja na nusu tu, na mlango wa mwisho umezama gizani. Mtazamaji hapati nafasi ya kuhesabu. Sasa usipohesabu sita, saba itakustua vipi? Miili ilishtuka kwa sababu ya ndala zilizolowa na sauti iliyoita. Akili haikupewa hesabu yake. "Sijazielewa" ilikuwa na maana ya "sikuzihesabu". Nikamwambia mhariri airefushe picha ya kwanza, na ampe mlango wa sita mwanga kidogo. Akajibu, mara ya kwanza kunisemesha siku ile, "Nilitaka hivyo mwanzoni, dada. Waliniambia inachosha."

Kitu kinachonishangaza ni kwamba tunaagiza fomu kutoka mbali wakati sisi wenyewe tuna desturi ndefu ya kupima hadhira papo hapo. Msimuliaji wa hadithi akisema paukwa, wasikilizaji wana wajibu wa kujibu pakawa. Akijibiwa na sauti mbili za usingizi, anajua afupishe au alete zimwi mapema. Taarabu ina kutunza: mtu anainuka na noti yake kwenye ubeti uliomgusa, si mwishoni mwa shughuli, na mwimbaji anajua ni ubeti gani. Vibanda umiza navyo ni shule. Nani aliyekulia humo asiyekumbuka sauti za wafasiri kama Lufufu zikisimulia juu ya filamu, na watu wakimjibu yeye, wakimjibu adui, wakimwonya shujaa ageuke nyuma? Pale hakuna aliyehitaji kuulizwa kipande gani kimemtisha. Kibanda chote kinakuambia.

Na ukikaa kwenye vibanda hivyo unajifunza jambo ambalo fomu haina pa kuliandika, kwamba kuna vicheko viwili. Kicheko cha dharau kinakuja mapema, kabla picha haijaisha, na watu wanatazamana. Kicheko cha woga kinachelewa. Kinakuja baada ya pumzi kushikiliwa, na watu bado wanatazama mbele. Mganga wa Jumamosi alipata cha kwanza. Sishangai, tumemwona mno. Tangu Mussa Banzi na *Nsyuka* yake mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu zetu za kutisha zimekuwa zikipita kwenye kilinge, na wakati ule ilikuwa ni jambo jipya kuona mambo hayo kwenye kanda yetu wenyewe, kwa lugha yetu. Miaka ishirini baadaye, kaniki na taa nyekundu havitishi, vinatambulisha tu. Kama nembo ya soda.

Wasomaji wa humu wa siku nyingi watakumbuka kwamba hata kwenye vitabu tuna mambo haya. Muhammed Said Abdulla alikiita kitabu chake *Mzimu wa Watu wa Kale*, mwaka 1960, na jina hilo ni trela tosha. Unakifungua ukitarajia mzimu, unakutana na Bwana Msa na kiko chake akiupasua mzimu kwa akili. Ahadi imevunjwa, lakini imevunjwa kwa faida yako. Sijui kama fomu ingemsamehe.

Nilipendekeza kwa vijana kitu kimoja tu, na nilikisema mara moja maana kazi ni yao. Wakaionyeshe tena kwa watu wasiowajua vizuri, bila soda, simu ikirekodi nyuso kwa ruhusa yao, na waulize swali moja lisilo na neno kutisha: "Tusimulie ulichokiona." Mwongozaji alinung'unika kwamba hilo haliwezi kuwekwa kwenye asilimia. Ni kweli, haliwezi.

Jumanne jioni wakaenda kwenye ile ile nyumba waliyopigia picha, wakaweka kompyuta kwenye kigoda uani, na wapangaji wakakaa kwenye mkeka. Sikuwepo, ila video nimeiona yote. Mhariri alikuwa ameshairefusha picha ya kwanza. Mtoto wa miaka minane hivi anahesabu kwa sauti, moja, mbili, mpaka sita. Jozi ya saba inapotokea anasema "saba", halafu anageuka kumtazama mama yake. Hakuna anayecheka. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, anaposimulia anaanza vizuri kabisa kisha anapotea kwenye mganga: "Halafu akaja huyo bwana... sijui alikuja kufanya nini huyu." Mpangaji mwingine anasimulia hadithi nzima ambayo haimo kwenye trela, kuhusu dada aliyekufa maji na kurudi kudai chumba chake. Ni hadithi nzuri kuliko zile kurasa mbili za skripti, na natumaini mtu aliiandika.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyesubiriwa. Ametazama mikono ikiwa mapajani, hakutikisika. Wanamuuliza, "Mama, tusimulie ulichokiona." Ananyamaza kidogo, anatazama ule ukumbi wake mwenyewe, wa kweli, ulio nyuma ya kompyuta. Halafu anasema: "Huyo hajapiga hodi."

Alhamisi usiku nilitumiwa faili jipya. Sekunde 79. Mganga hayumo. Maandishi ya Kiingereza hayamo. Mdundo wa kupakuliwa umeondolewa na mahali pake ufagio unaendelea chini chini mpaka mwisho, na unasimama ghafla pale jozi ya saba inapotokea. Ukimya ule una uzito kuliko ngoma zote za mwanzo. Maandishi ni matatu tu, meupe kwenye nyeusi, na kwanza nilidhani ni jina la filamu, na sasa naambiwa kweli ni jina la filamu: *Hajapiga Hodi Huyo*.

Yule wa nywele bado yumo. Sekunde mbili, mwisho kabisa, baada ya jina, anachomoka kwenye pipa na mlio wake. Mwongozaji amekataa katakata kumtoa. Anasema siku ile darasani watu walipiga kelele na yeye alizisikia kwa masikio yake. Nimemwandikia kwamba jina likishatokea trela imekwisha, na kwamba pipa linamjibia mtazamaji swali ambalo mama mwenye nyumba aliliacha wazi. Amenijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Mhariri amenitumia, bila neno lolote, faili la pili lisilo na pipa, la sekunde 77. Ijumaa wamekabidhi moja kati ya hayo mawili, na hawajaniambia lipi.